Abigaël Amerudi Kutoka Tenerife

Abigaël alirudi kutoka likizoni Tenerife na kuanza kuosha vyombo bila kutumwa. Hilo ndilo lililomtia mama yake wasiwasi kwanza. Kwa miaka kumi na tisa binti huyo hakugusa sufuria bila kugombezwa. Sasa Yolande alikuwa akitoka kazini, kwenye nyumba ya wazee anakowaogesha wagonjwa, anafungua mlango wa fleti yao ya Anderlecht, huko ughaibuni, na kukuta jiko linang'aa na binti ameketi kimya, mikono juu ya magoti.

"Umevunja nini?" alimuuliza.

"Hapana kitu, maman. Nilitaka kukusaidia."

"Basi ni kijana. Iko na jina?"

Binti alitabasamu, akainuka kufuta meza.

Yolande alilipekua begi lake. Hakukuta dawa wala picha ya mwanamume. Alikuta vazi la mpira, lile wanalovaa wanaoteleza juu ya mawimbi kwa ubao, limeloa chapachapa ingawa safari ilikuwa imekwisha zamani. Alilitundika bafuni. Likadondosha maji asubuhi na jioni, tone baada ya tone, na chini yake ukajikusanya mchanga mweusi. Alipoinama kuufagia alisikia harufu ya kiberiti, akasimama na ufagio mkononi. Harufu hiyo aliijua. Alikuwa msichana Goma, mlima ulipomwaga moto mpaka katikati ya mji, na bibi yake alikuwa akisema roho zisizopata pumziko zinaishi ndani ya mlima ule. Tenerife nayo, alisikia, ni mlima wa moto uliosimama baharini.

Jumapili, Yolande akiwa anasonga fufu, Abigaël aliingia jikoni mbio, nywele zinachuruzika maji wakati hakuwa ameoga, akamkamata mikono kwa nguvu zisizo za msichana, na sauti iliyomtoka ilikuwa nzito, ya koo lililojaa chumvi.

"Maman, maji. Nishike."

Binti aliangusha sahani, akagonga kichwa ukutani, kisha akatulia ghafla. Akachukua ufagio.

"Pardon, maman," alisema kwa upole, akikusanya vipande. "Sijue nini ilinipata."

Kesho yake Yolande alikwenda Galerie d'Ixelles, kwenye saluni anakosuka Kelly, rafiki wa Abigaël aliyesafiri naye.

"Maman Yolande, nywele zako zinalia, na haukuje kusuka," Kelly alisema. "Umekuja kunihoji kama polisi."

"Nini ilifanyika kule?"

Kelly alitazama mashine za kukaushia nywele, kisha akainama. "Mer, ile bahari, ilikuwa mubaya ile siku. Alianguka kwa ubao, mawimbi ikamufunika. Alikawia chini, maman. Alikawia sana. Kisha akatoka anacheka, akatuuliza majina yetu."

"Majina yenu?"

"Moja moja. Tuliwaza anacheza."

Yolande hakungoja zaidi. Papa Kabeya, mchungaji wao, alikuwa na chumba cha maombi juu ya ghala moja, si mbali na metro. Alimsikiliza hadi mwisho, akamweleza kazi itakavyokuwa.

"Ile ya kupiga kelele ndiyo pepo. Tutaiuliza jina. Ikitaja jina, inatoka kwa jina hilo. Lakini, maman, itakulilia na sauti ya mutoto wako. Itakuambia siri zako. Usijibu."

Abigaël alikuja bila ubishi, hata koti la mama yake akalibeba. Walimlaza kwenye zulia, wanawake wawili wa maombi wakashika mikono, Yolande akashika miguu. Wakaomba. Mara mwili ukajikunja, harufu ya kiberiti ikajaa chumba, maji yakamtoka puani, na ile sauti nzito ikaja.

"Jina lako!" alisema Papa Kabeya.

"Abigaël."

"Unadanganya. Jina!"

"Abigaël. Miye ni Abigaël. Maman, mwambie."

Yolande alifumba macho. Miguu ilipiga na kupiga mikononi mwake, si kama miguu ya anayepigana bali ya anayeogelea kwenda juu, na sauti ikaendelea kumwita, ikamwambia ni miye nilichukuaka écharpe yako ya mariage, ile mutandio ya arusi, nilikataa lakini ni miye, niliipoteza kwa tram, maman, usiwaache wanitoe, na Yolande, aliyeishuku siri hiyo tangu zamani na hakuwahi kumwambia mtu, alifungua kinywa kujibu, akakumbuka alivyoonywa, akakifunga, na Papa Kabeya akaweka mkono juu ya paji lile lenye unyevu na kusema, "Bon. Kwa jina ulilolitaja. Abigaël, toka."

Ilitoka. Kilisikika kilio chembamba, kama cha mtu aliye mbali ndani ya maji, kisha kimya.

Msichana aliketi, akashusha sketi yake vizuri, akawashukuru wote kwa adabu. Wanawake wakaanza kuimba. Papa Kabeya, jasho likimtiririka, aliomba kiti. Katikati ya wimbo msichana akamwinamia Yolande, mdomo karibu na sikio lake.

"Asante, maman. Peke yangu nisingeweza kumtoa."

Yolande hakuiachia ile miguu. Ilikuwa baridi, imetulia kabisa, na alijua kwamba akiiachia itasimama na kumfuata nyumbani.