Kidole cha Chapuchapu

Kila asubuhi, katika nyumba ya fundi cherehani, siku ilianza kwa msako. Mama aliweka kitambaa kando, akaandaa sindano ya insulini, kisha akaita kwa sauti ya asali, "Bwana Mdogo! Njoo baba, tumalize mara moja." Bwana Mdogo wapi! Alikuwa amejichimbia chini ya meza ya kukatia nguo, kajifunika mabaki ya vitambaa, na vidole vya miguu viko nje vinamchongea. Dada yake alimvuta kwa kisigino. Kilio kilisikika mpaka kwa majirani.

Dada huyo aliitwa Chapuchapu, kwani hakujua kufanya jambo polepole. Alifagia chapuchapu, aliosha vyombo chapuchapu, na hesabu za darasa la sita alizimaliza kabla mwalimu hajaketi, nusu yake zikiwa na makosa. Lakini kwa kumpenda mdogo wake, hakuwa na mfano.

Bwana Mdogo alipata kisukari akiwa mtoto mchanga, hajajua hata kukaa. Kongosho lake, kiungo kilicho nyuma ya tumbo, lilikuwa halitoi insulini ya kuishusha sukari kwenye damu. Kwa hiyo alichomwa sindano kila siku, miaka yote hiyo. Mwaka huo daktari wao, mama mmoja mrefu mwenye kicheko kikubwa, alipeleka damu ya mtoto kwenye maabara kuu. Majibu yaliporudi aliwaita.

"Wapo watoto wachache sana ambao insulini wanayo, ila imefungiwa ndani," alisema. "Huyu ni mmoja wao. Wenzake wengi vidonge vimewasaidia. Tutaongeza vidonge kidogo kidogo, tupunguze sindano kidogo kidogo, kwa kufuata namba za sukari mtakazonipa kwa simu. Mkiwa nyumbani, namba ndizo macho yangu."

Vidonge vilianza katika msimu wa sare za shule, na cherehani ya mama haikupumzika. "Mwanangu, wewe ndiye mkono wangu wa kulia," alimwambia Chapuchapu. "Mpime mdogo wako, unisomee namba."

Mara ya kwanza Chapuchapu alimpima kama alivyofundishwa na muuguzi: alimtoboa ncha ya kidole, akagusisha tone la damu kwenye kijiti cha mashine ya kupimia sukari, akasubiri namba. Bwana Mdogo alilia hadi akapaliwa. Namba ilikuwa juu. Mama aliacha kushona, akashika tama.

"Kumbe hata vidonge hatuna bahati navyo," alisema.

Uso ule wa mama ulimkaa Chapuchapu rohoni. Jioni, Bwana Mdogo alipoanza kulia hata kabla ya kuguswa, alimwonea huruma. "Nyamaza," alimnong'oneza. "Leo natoa mimi. Usimwambie mtu, eti!" Akajitoboa kidole chake mwenyewe. Namba ikatoka safi kabisa.

"Mama! Imeshuka!"

Mama alipiga kigelegele, na mteja aliyekuwa akipimwa sketi akaruka kwa mshtuko. Nyumba nzima ikachangamka. Chapuchapu alijiambia ni siku hiyo tu, kesho vidonge vitafanya kazi na hapatakuwa na haja ya kusema lolote. Lakini wapi! Kesho yake Bwana Mdogo mwenyewe alikuja akitabasamu, mikono kaificha mgongoni. "Dada, toa kidole chako."

Basi ikawa ndiyo desturi. Daktari alisikia namba nzuri, akapunguza sindano. Akasikia nyingine, akapunguza tena.

Haikupita muda, Bwana Mdogo akaanza kiu. Alikunywa maji, akadai mengine, na njia ya chooni haikupoa. Alikojoa kitandani, jambo aliloliacha zamani. Wenzake walipomwita kucheza mpira, alikaa kizingitini akisinzia. Chapuchapu alizijua dalili hizo, kwa sababu muuguzi alizitaja mara nyingi: kiu, mkojo, uchovu. Sukari inapanda! Alitaka kusema, lakini kila alipomtazama mama akishona huku akiimba, alichukua ufagio akaenda kufagia.

Siku moja mchana, mama alimpigia daktari na kuiweka simu kwenye spika ili wote wasikie.

"Namba zenu zimenifurahisha," ilisema sauti ya daktari. "Kuanzia sasa msimchome tena. Vidonge tu. Tuonane kliniki wiki ijayo."

"Sindano basi?" mama aliuliza, mkono kifuani.

"Basi!"

Mama alimbeba Bwana Mdogo akaanza kuzunguka naye, na kichwa cha mtoto kilimlalia begani kwa uchovu. Chapuchapu alikiona kichwa kile. Wiki nzima bila sindano! Mdogo wake angeweza kufa.

"Daktari, usikate simu!" alipiga kelele. "Ile damu si yake. Ni yangu. Nilikuwa natoa kidole changu mimi."

Mama alisimama kama aliyepigwa na umeme. Daktari akasema kwa utulivu, "Mpime sasa hivi. Kidole chake."

Walimpima. Chapuchapu aliisoma namba ile huku machozi yakimdondoka.

"Njooni hospitali, tena msichelewe," alisema daktari.

Njiani mama alimpakata Bwana Mdogo akamgeuzia Chapuchapu mgongo, na mgongo huo ulimuuma kuliko fimbo. Hospitalini walichukua damu, wakapima na mkojo. Daktari alirudi na karatasi mkononi, na kabla hajasema lolote, alikwisha kutabasamu.

"Sukari imepanda sana, lakini mwili haujaanza kujaa sumu ya kukosa insulini. Mmewahi," alisema. "Tunarudisha sindano leo, na vidonge tunaviongeza tukiwa naye hapa hapa wodini."

Mama aliketi sakafuni pale pale, akalia na kucheka kwa pamoja.

Kesho yake Bwana Mdogo alikuwa na nguvu za kuuliza maswali. "Daktari, kidonge kinafanya nini tumboni kwangu?"

"Kongosho lako lina seli, vijumba vidogo visivyoonekana kwa macho," daktari alimjibu. "Kila kijumba kina milango. Sukari ikiingia, mlango wa madini ya potasiamu hufungwa. Huo ukifungwa, mlango wa kalsiamu hufunguka."

"Kalsiamu ya maziwa, ya kujenga mifupa?" aliuliza Chapuchapu.

"Hiyo hiyo. Ikiingia, insulini husukumwa nje. Sasa wewe, Bwana Mdogo, mlango wako wa potasiamu umekwama wazi, ndiyo maana ule wa kalsiamu haufunguki. Kidonge kinausaidia ule uliokwama kujifunga."

"Na kalsiamu ikizidi, je?" Chapuchapu hakuweza kujizuia.

"Ahaa! Yenyewe ndiyo hubana mlango ilioingilia, na kufungua mlango mwingine wa potasiamu, kijumba kitulie. Inatoa habari yake kama ilivyo: imetosha. Ingetoa habari ya uongo, mwili ungevurugika." Daktari alimtazama. "Mimi nililetewa habari ya 'imetosha' na kidole kisicho chake."

"Nisamehe, daktari."

"Nimekusamehe. Ulisema kabla hatujachelewa, ndiyo maana tunaongea tukiwa tumetulia."

Vidonge vilipofikia kiasi chake, namba zilianza kushuka kweli, na safari hii zilikuwa za kidole cha Bwana Mdogo. Kiu ikaisha. Sindano ikapunguzwa mpaka asubuhi moja muuguzi akaja na kidonge na kikombe cha maji kwenye sinia, basi. Bwana Mdogo hakuamini. Alifunua kitambaa cha sinia, akachungulia chini yake, akamkagua muuguzi mifuko yote. Wodi nzima ilicheka, na mama akacheka mpaka akashika mbavu.

Baadaye mama na Chapuchapu walikaa kwenye benchi nje ya wodi.

"Mama, mbona hukunichapa?"

"Ningekuchapa kwa huruma yako? Ulituhurumia, mimi na mdogo wako." Mama alimshika mkono, akavitazama vile vidole vyenye alama za kutobolewa. "Lakini sikiliza, mwanangu. Namba mbaya naiweza. Nitalia, nitafuta machozi, nitampigia daktari, naye atajua la kufanya. Namba ya uongo siiwezi, kwa sababu inanifanya nicheke huku mtoto wangu anaangamia mikononi mwangu. Ukinipenda, niambie ukweli, hata ukiwa wa kuniliza."

"Nitakuambia, mama," alisema Chapuchapu, akamwegemea.