Unga Mweupe Mgongoni mwa Mkaa

Kila asubuhi kabla ya shule, binti wa dobi alimsaidia mama yake uani. Mama alifua na kusuuza nguo za watu. Binti aliminya na kuanika. Mtaa mzima ulimwita Mpelelezi, kwa sababu sukari ikipungua koponi, yeye alikuwa na mshukiwa kabla chai haijapoa. Kazi ikiisha, povu lililobaki kwenye beseni halikumwagwa. Dobi amwage povu bure? Thubutu! Liliosha ndala, likasugua sakafu, na mwisho akaogeshwa nalo mbwa wao mweusi, Mkaa.

Siku hizo Mkaa alikuwa akijikuna mchana kutwa. Kila akijitikisa, magamba meupe yalipukutika kama unga. Mpelelezi aliona aibu, akazidisha kumwogesha. Zamani ilikuwa mara mojamoja, sasa ikawa kila siku. Wapi! Unga ukazidi.

"Mtoto anatambaa humu ndani," baba alisema, akimwinua kitindamimba wao kutoka karibu na mbwa. "Ugonjwa huu ukimwingia, tutamlaumu nani? Jumamosi mbwa anaondoka. Nimeshapata mtu wa kumchukua."

Mpelelezi alilia mpaka macho yakamvimba. Mkaa alikuja kwao akiwa mdogo wa kuenea kofiani, na ni yeye aliyemlea. Alipochoka kulia, akaanza kutafuta mchawi.

Nani hushika unga mweupe kila siku? Si Fundi cherehani, jirani yao, mwenye chaki ya kuchorea vitambaa? Tena nani alilalamika kwamba Mkaa anawabwekea wateja wake? Ni yeye yule!

"Anampaka mbwa wangu chaki," alimnong'oneza rafiki yake darasani. "Labda ameichanganya na sumu ya panya."

"Umemwona?"

"Bado. Lakini jana alinichekea. Tangu lini mzee yule akacheka na mtu?"

Siku hiyo, alipotoka shule, alijibanza nyuma ya mashuka yaliyoanikwa. Hakukaa sana, Fundi akatokea upande wa pili wa uzio. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akapiga mluzi. Mkaa akamwendea mbio. Fundi akapenyeza mkono, akampapasa mgongo, na unga ukaanguka.

"Nimekukamata!" Mpelelezi alipaza sauti, akichomoka kwenye mashuka.

Fundi alishtuka, miwani nusura imdondoke. "Siku hizi hakuna shikamoo?"

"Shikamoo. Nimekukamata!"

"Marahaba. Umenikamata na nini?"

"Unampaka mbwa wangu chaki!"

Fundi alitoa chaki mfukoni, akamwonyesha. Ilikuwa ya bluu. "Nashona mashati meupe ya shule, binti. Chaki nyeupe itaonekana wapi? Kusema kweli, mimi ndiye ninayemshuku mbwa wako. Naogopa ananiletea viroboto kwenye vitambaa vya watu, ndiyo nimekuja kumkagua."

Mama alifika mikono ikichuruzika maji. "Haya makubwa! Mnashukiana kutwa, na mbwa hajapelekwa kwa daktari?"

Daktari wa mifugo, mama mpole mwenye koti refu, alimchana Mkaa kwa kitana, akatazama magamba kwa hadubini. "Hana viroboto, hana utitiri, wala sioni mabaka ya choa," alisema. "Ni ngozi kavu tu, na haimwambukizi mtu. Mnamwogesha na nini?"

Mpelelezi angeweza kusema "maji tu", na nani angejua? Lakini Mkaa alikuwa akimtazama huku akijikuna, na moyo ukamshinda.

"Mimi ndiye ninayemwogesha," alisema. "Na povu la kufulia. Kila siku. Tena lina dawa ya madoa."

"Sasa nimeelewa," daktari alisema. "Ngozi ya mbwa ina mafuta yanayoilinda. Sabuni ya nguo huyaondoa yote. Ngozi ikikauka huwasha, naye akijikuna magamba hupukutika. Wewe ukidhani ni uchafu, ukaongeza sabuni."

Mama aligeuza mikono yake, akavitazama vidole vilivyopasuka na kubambuka. "Kumbe! Na mimi nimekuwa nikiulaumu upepo."

Daktari aliwapa sabuni maalumu ya mbwa. Aliagiza Mkaa aogeshwe mara chache, asuuzwe vizuri kwa maji safi, apigwe brashi kila siku, na achanganyiwe samaki kidogo kwenye chakula. Akitokwa na vidonda, warudi haraka.

Baba aliposikia, alikubali Mkaa abaki. Baada ya wiki kadhaa, manyoya yake yaling'aa tena. Hapo mama akamshika Mpelelezi mkono, wakaenda kwa Fundi.

"Nisamehe, Fundi," Mpelelezi alisema, macho chini. "Nilikusingizia. Na nilimwambia rafiki yangu kwamba una sumu."

Cherehani ikanyamaza. "Sumu?" Fundi aliuliza polepole. "Ndiyo maana watoto wa shule wanapita mbio mlangoni kwangu. Nami nilidhani nimezeeka vibaya."

Hakucheka. Mpelelezi alitamani ardhi immeze.

"Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu," mama alisema. "Kabla hujamnyooshea jirani kidole, jikague kwanza wewe. Ngozi ya Mkaa imepata dawa. Jina la mtu ukilichafua, utalisafisha mwenyewe."

Kesho yake, kabla kipindi cha kwanza hakijaanza, Mpelelezi alimwomba mwalimu ruhusa. Akasimama mbele ya darasa zima, akasema yote.