Stendi ya Feni

Kila asubuhi, baba akishaondoka kwenda kazini, Nyawira alichechemea hadi dirishani. Kutoka ghorofa ya tatu aliwaona wenzake wa mtaa wa Kiganjo wakienda shuleni. Siku za kwanza walimpungia mkono. Sasa, wiki ya saba tangu avunjike mguu, hawakuinua tena macho.

Goti lilikuwa limekakamaa. Daktari alisema aendeshe baiskeli ndani ya nyumba asubuhi na jioni, na goti likilainika ndipo ashuke ngazi. Kwa hiyo Jumamosi baba yake, Kinyanjui, alikwenda Ruiru kutafuta stendi ya kushika gurudumu la nyuma, ili baiskeli izunguke bila kwenda popote. Alimpigia simu ya video achague mwenyewe.

Muuzaji, Nicanor, alimwonyesha mbili. Moja ilitumia sumaku na ilizunguka kimya. Nyingine ilikuwa na feni, na ulivyozidi kukanyaga ndivyo ilivyozidi kuvuma.

"Hii ya feni utafikiri uko barabarani," alisema. "Lakini kama mnaishi ghorofani, wa chini hawatalala."

Wakati huo Baba alikuwa amemwachia Nicanor simu, akatoka kuhamisha pikipiki. Aliporudi, Nicanor alikuwa na mteja mwingine, basi akamwuliza Nyawira ameambiwa nini.

"Amesema zote ni sawa. Chukua ya feni, Baba."

Siku mbili alikanyaga macho yamefumbwa, upepo ukivuma, akajiona yuko njia ya Juja. Siku ya tatu, jioni, mlango uligongwa. Alikuwa Mama Maxine wa ghorofa ya pili, ambaye hushona kiwandani usiku na kulala mchana.

"Kinyanjui, umefungua kinu cha unga huku juu?" aliuliza, lakini hakucheka. Alieleza kwamba usiku uliopita alisinzia kazini, sindano ikamchoma kidole. Kilikuwa kimefungwa bandeji.

Baba aliomba radhi, akaifungua stendi na kuiweka nyuma ya mlango. Alisema Nicanor amewadanganya, na kesho atamwambia hivyo mbele ya wateja wake.

Nyawira alitazama stendi, kisha kile kidole. Bila baiskeli goti lingekakamaa tena, naye angebaki dirishani. Akisema, baba atajua kuwa ni yeye aliyedanganya.

"Nicanor alinionya, Baba. Mimi ndiye niliyekuficha ukweli."

Kesho yake Baba alikwenda Ruiru, akabadilishiwa ile ya sumaku.

Wiki tatu Nyawira alikanyaga kimya, akitazama ukuta. Kisha alasiri moja alishuka ngazi, moja baada ya nyingine, akasimama kwa Mama Maxine kuomba msamaha.

Mama Maxine alimvutia kiti. "Ulificha maneno machache tu, mwanangu. Mimi nikakosa usingizi, muuzaji akaponea chupuchupu kutukanwa, na wewe ukajiongezea siku ya kukaa ndani. Siku nyingine ukiambiwa jambo usilolipenda, liseme lote, kisha ndipo uchague. Sasa kunywa chai, halafu uende nje."