Mgongo wa Mutuba

Jioni ile nilitoka nyumbani na kamera shingoni na hasira za wiki nzima kifuani. Nilikuwa naenda shambani kupiga picha ya mti, basi. Kazi ya dakika kumi.

Hasira zilianzia Kampala. Mwalimu aliyekuwa akichagua kazi za maonyesho aliishika nguo yangu ya gome kwa vidole viwili. "Huu ni ufundi, Nakitende," akasema. "Sanaa inataka wazo." Miezi minne nimegonga, nimepaka rangi, nimeshona, na mtu anaishika kana kwamba ni tambara la kufutia meza. Akanipa mwezi mmoja nilete kitu kingine, la sivyo nafasi yangu anapewa mwingine. Nafasi hiyo nilikuwa nimeiomba miaka mitatu.

Nikarudi kijijini kwetu Buddu, kwa baba mdogo, Kaboggoza, ambaye amegonga magome tangu hajaota ndevu. Nikamweleza wazo langu. Tuuchune mutuba, mti wa nguo za gome, ule alioupanda bibi, kisha tuuache wazi siku tatu, nipige picha kidonda kinavyobadilika rangi. Nguo itatundikwa ukutani, na picha kando yake.

Alicheka kwanza, halafu akaiweka nyundo yake chini. Akasema mti ukichunwa unavikwa majani ya mgomba siku hiyohiyo, jua halijazama, na kama ni wazo nikalitafute kwingine. Nikamjibu kwamba ndiyo maana tunaitwa mafundi mpaka leo. Niliona maneno yalivyomuuma. Nikaomba radhi, nikaapa nitaufunika, na kesho yake tukauchuna. Mchana akaitwa msibani kijiji cha pili, akaniachia mti.

Sikuufunika.

Jioni ninayoisimulia ni ya siku ya pili. Nilipofika shambani nilikuta mtu amesimama mbele ya mutuba. Mwanamke mzee, amenipa mgongo. Nikapiga magoti kumsalimia, kama nilivyolelewa. Kwetu salamu huvutwa, mtu anaulizwa hadi habari za kuku wake... huyu hakutoa hata mguno.

Kisha harufu. Utomvu mbichi na moshi.

Nikiwa bado magotini, niliona matone meupe yakidondoka kando ya visigino vyake. Tone... tone... Nikainua macho polepole.

Kuanzia shingoni hadi kiunoni hakuwa na ngozi.

"Mjukuu," alinong'ona bila kugeuka. "Nasikia baridi."

Sauti hiyo niliijua. Bibi tulimzika miaka sita iliyopita, tukamfunga kwa nguo iliyotoka kwenye mutuba huohuo.

"Nivike."

Migomba ilikuwa hatua tano tu, na kisu nilikuwa nacho. Naona aibu kuliandika hili. Nilichowaza ni kwamba imebaki siku moja, nikifunika sasa sina wazo, na yule mwalimu ataninyang'anya nafasi yangu. Mkono wangu ukainua kamera.

Nikabonyeza.

Ko... ko... ko...

Nyundo ya mbao ilikuwa ikigonga gome kwenye kibanda cha kazi cha baba mdogo. Lakini mwenyewe alikuwa bado msibani. Nikageuka kusikiliza, na nilipotazama tena palikuwa na mti tu, mwekundu, ukitiririka. Nilikimbia hadi nyumbani nikajifungia, na kesho yake sikwenda kupiga picha ya tatu.

Siku mbili baadaye, kabla baba mdogo hajarudi, nilikuwa Kampala, na mwalimu alisimama mbele ya picha zangu hadi chai yake ikapoa. Nguo hata hakuitazama, nguo niliyoigonga mpaka mabega yakavimba. "Sasa hii ni sanaa," akasema. "Huyu bibi ulimpata wapi?"

"Ni mti," nikamwambia.

Akacheka, akaniambia nisiwe mchoyo wa siri. Nikasogea karibu. Mimi nilikuwa nauona mti. Yeye alikuwa akionyesha kwa kidole uti wa mgongo, mbavu, bega moja lililoinama. Miaka mitatu nimetaka kusifiwa, na kilichosifiwa sikukifanya mimi.

Hapo ndipo mgongo ulipoanza kuniwasha. Nilipofika chooni, blauzi ilikuwa imenigandia mgongoni, na majimaji niliyoyafuta kwa karatasi yalikuwa meupe, yananata.

Nikarudi Buddu usiku uleule. Mutuba ulikuwa umekauka hadi matawini. Baba mdogo alinikuta asubuhi nimekaa mlangoni pa kibanda, siwezi kuegemea ukuta. Hakunigombeza, na laiti angenigombeza. Aliniambia nimpe mgongo, akapandisha blauzi. Kisha akaenda kukata majani ya mgomba.

Aliyapitisha motoni yalegee, akaanza kunizungushia, jani juu ya jani, akifunga kwa kamba za mgomba. Mikono yake ilikuwa taratibu, kama ya mtu anayemvika mtoto nguo ya sikukuu.

"Na mti, baba?"

"Mti tumeuchelewea," alisema. "Vuta pumzi, nikaze."

Leo ni siku ya nne. Jioni nyundo inagonga kibandani, na baba mdogo yuko hapa pembeni yangu, anakunywa uji. Anasema tu kwamba chini ya majani ngozi imeanza kuota, laini, haina hata kovu. Ninashukuru. Mutuba uliofunikwa vizuri huota gome jipya, na mwaka unaofuata huchunwa tena. Hilo hatujalizungumza.