Sauti za Wangechi

Kila siku nikitoka shuleni, mimi hupitia ofisi ya mama hapa Ruiru, nikanywa chai na kufanya kazi ya ziada huku nikimsubiri afunge. Ofisi yenyewe ni chumba kimoja cha kupiga chapa, kutoa nakala na kuwasaidia watu kujaza fomu mtandaoni. Ina kompyuta tatu. Mbili zinatumia Windows. Ya tatu ni kuukuu, Windows iliishinda, kwa hivyo binamu yangu Eddie, anayesoma chuo kikuu huko Juja, akaiwekea Linux, mfumo mwepesi zaidi. Hiyo ndiyo niliyopewa mimi, na niliringa nayo kana kwamba niliinunua.

Eddie ndiye aliyeziunganisha zote. Alitengeneza folda ndani ya kompyuta ya mama, ikawa inaonekana kwenye skrini zote tatu. "Folda ni moja tu," alitueleza. "Ukigusa kitu huku, umekigusa hata kule." Mama alisikiliza. Mimi nilikuwa nikila mandazi.

Jumatatu moja alikuja Mzee Gathogo kutoka Thika. Binti yake, Wangechi, alikuwa amefariki mwezi uliotangulia. Mzee alikuwa na simu iliyokuwa ikizimazima, na ndani yake mlikuwa na jumbe nne za sauti ambazo Wangechi alimtumia akiwa hospitalini.

"Jumamosi tuna ibada ya kumkumbuka," alisema. "Tunataka tumsikie."

Mama alizinakili zile jumbe kwenye folda. "Ziko salama, Baba Wangechi. Eddie ataziondolea kelele, uje Alhamisi. Hata simu sasa unaweza kuipeleka kwa fundi."

Jioni hiyo nilitaka kuweka video za densi kwenye kompyuta yangu. Ikaniambia imejaa. Nikafungua folda, nikaona mafaili manne yenye majina ya namba tupu. Nilidhani hizo ni nakala tu zilizoingia kwangu, na zenyewe ziko kwa mama. Kompyuta iliniuliza kama kweli nataka kuzifuta kabisa. Nikabonyeza ndiyo.

Mama alipotoka kununua sukuma wiki, nilichungulia kompyuta yake. Hazikuwepo. Nikatazama kwenye pipa la taka la kompyuta yake, kisha la yangu. Yote yalikuwa matupu.

"Kavindu, mbona umenyamaza hivyo?" mama aliuliza aliporudi.

"Nimechoka tu na hesabu."

Nilijipa moyo kwamba Eddie akija, nitamnong'onezea azirudishe bila mtu kujua. Jumanne nikanyamaza. Jumatano nikanyamaza tena, huku mama akijaza folda ileile picha za harusi ya mteja mwingine.

Alhamisi Mzee Gathogo alifika mapema, na Eddie naye ndiyo kwanza alikuwa anaingia. Mama alifungua folda, akaifunga, akaifungua tena.

"Eddie, umezihamisha zile sauti?"

"Zii, aunty. Sijagusa kitu."

"Basi Baba Wangechi, tupe simu tuzitoe upya."

Mzee akamtazama. "Fundi aliifuta yote juzi, Jumanne. Alisema bila hivyo haitawaka. Nikamwambia afute, kwa sababu uliniambia ziko salama."

Mama aliketi. Nami sikuweza kuvumilia tena. Nililia, nikasema yote, tangu video za densi hadi picha za harusi. Hakuna aliyenigombeza, na hilo liliniumiza kuliko kofi.

Eddie alihangaika saa tatu nzima na programu ya kufufua mafaili. Mengi yalikuwa yamefunikwa na zile picha za harusi, zilizochukua nafasi yake. Aliokoa sauti moja tu, ile fupi kuliko zote.

"Baba, ni mimi. Umekula? Usikae njaa kwa sababu yangu. Kesho nitakupigia."

Mzee alivua kofia. "Rudia," akasema. Eddie akarudia. Kisha mzee akanigeukia.

"Msichana wangu, kabla ya kufuta zile zingine, ulizisikiliza?"

"Hapana, babu."

"Ni sawa," alisema polepole. "Nilidhani labda ungenisimulia."

Alipoondoka, mama alinishika bega. Macho yake yalikuwa mekundu. "Ulifuta kwa kutojua, na hata mimi nina kosa. Nilipaswa kuweka nakala mahali pengine. Lakini Jumatatu jioni zile sauti zote zilikuwa bado kwenye simu yake. Ungeniambia, ningempigia palepale, na leo angeondoka nazo zote. Siku tatu ulijua, ukanyamaza. Ukikosea, mwanangu, sema siku hiyohiyo, kungali na kitu cha kuokoa. Jumamosi tutaenda Thika wote wawili, na utawaambia mwenyewe."

Tulienda, Eddie akitusindikiza. Nilisimama mbele ya jamaa za Wangechi, nikawaambia nilichofanya na siku nilizonyamaza. Mama mmoja alijifunika uso kwa leso. Kisha Eddie akawachezea ile sauti moja. Ilikwisha upesi sana. Watu waliendelea kukaa kimya, wameinamisha vichwa, wakisubiri zinazofuata, hadi Mzee Gathogo aliposimama akawaambia kwamba ni hiyo tu.