Rudia Ulichosikia

Foleni ya kujiandikisha ilianzia mezani, ikashuka ngazi, ikamalizikia barabarani, na kila aliyekuwemo aliishi kwa kusikiliza malalamiko ya watu: maafisa uhusiano wa jamii wa kata zote za jiji, walioitwa kwenye semina ya Alhamisi nane mfululizo. Kidoti, afisa wa kata ya sokoni, alisimama humo na gauni lake la kijani na viatu vyeupe, na lile doa kidevuni lililompa jina. Mara kiatu kimoja kikapata alama nyeusi.

"Kaka, umenikanyaga."

"Nawe umekanyaga kamba ya beji yangu. Tuanze na lalamiko lipi?"

Kidoti akainua macho, akaendelea kuinua. Shati lilipigwa pasi likanyooka, mfukoni wino umevuja.

"Mrefu," alisema, "anza kwa kuondoa mguu."

Jina likamganda tangu hapo.

Mwalimu wao, mama mstaafu wa kazi hiyo hiyo, alikuwa na somo moja kubwa. "Mwananchi akisema, usikimbilie kujibu. Rudia ulichosikia mpaka mwenyewe akwambie, ndiyo hivyo. Hapo ndipo ujibu."

Wawili hao wakalibeba somo mpaka kwenye simu.

"Nimesikia unasema umenikumbuka," Mrefu alianza jioni moja.

"Nimesema haloo tu."

"Ilikuwa haloo ndefu."

"Mpenzi, una masikio ya kujipendelea."

"Hebu rudia hilo neno la kwanza."

Kufikia Alhamisi ya nne, wenzao walikuwa wakiwaachia viti viwili vya mwisho bila kuombwa.

Alhamisi ya tano yakaja maigizo. Kidoti akae kama afisa, Mrefu aje kama mwananchi mwenye hasira. Akaja, akavuta kiti, lakini hasira hakuigiza.

"Mama yangu anakaa kata yako," alisema taratibu. "Mtaro umeziba, maji machafu yanaingia jikoni kwake. Amekuja kwenye dawati lako mara tatu. Mara ya tatu ulipokea barua, ukamwambia bila kuinua uso: mama, utaitwa."

Ukumbi ukacheka, maana neno hilo kila mmoja wao amewahi kulisema. Kidoti hakucheka. Alimkumbuka yule mama, mkoba wake wa kahawia, na barua aliyoitupia kwenye droo.

"Rudia ulichosikia," Mwalimu alimhimiza.

"Nimesikia kwamba wiki tano zote amekuwa akinibembeleza ili aje kunivua nguo mbele za watu," alisema Kidoti. Akachukua mkoba wake, akatoka.

Simu ikalia mara kumi na moja. Ya kumi na mbili akapokea.

"Nilijua tangu wiki ya tatu kuwa dawati lile ni lako," alisema Mrefu. "Nikaogopa kukupoteza, nikajificha nyuma ya igizo. Nimekosa."

"Ungeniambia kwenye simu. Haloo zote zile."

Akakata. Lakini kilichomkosesha raha zaidi kilikuwa lile neno lake mwenyewe: utaitwa.

Kesho yake akaifukua barua, akaenda nayo idara ya mitaro. Karani wa pale, bila kuinua uso, akamwambia, "Dada, utaitwa." Kidoti akakaa kwenye benchi la wananchi tangu saa mbili asubuhi mpaka saa tisa, makalio yamekufa ganzi, na benchi lile likamfundisha kuliko semina. Saa tisa akaingia bila kuitwa, akatoka na msimamizi wa mafundi.

Walimkuta mama wa Mrefu akichota maji machafu jikoni kwa sufuria. Kidoti hakujitetea. Alimwomba aseme yote, kisha akarudia.

"Nimesikia kwamba siku ile ulikasirika."

"Hapana, mwanangu. Sikukasirika, niliona haya. Njia nzima nilijiuliza nimekosea wapi."

Kidoti akayarudia hayo neno kwa neno.

"Ndiyo hivyo," alisema mama, akamsogezea kigoda.

Mafundi walichimba wiki mbili. Siku mtaro ulipofunguka, maji yalishuka kwa mngurumo na msimamizi akainua sepetu juu kama kombe. Mrefu, aliyeomba likizo aje kuchimba, alikuwa shimoni, suruali imekunjwa mpaka magotini.

"Una matope sikioni," Kidoti alimwambia kutoka juu.

"Lile la kujipendelea?"

"Lile lile." Akamshushia mkono, amvute.

Alhamisi ya nane ilikuwa ya vyeti. Mama alikaa safu ya nyuma, mgeni wa Kidoti. Mrefu akapokea cheti chake, asirudi kitini.

"Mwalimu, nina lalamiko juu ya afisa wa kata ya sokoni. Nimechoka kuagana naye kila jioni. Nataka nimuoe, tuzeeke nyumba moja."

Kidoti akasimama. "Nimesikia kwamba umechoka."

"Endelea."

"Na kwamba unatafuta mke."

"Sitafuti mke. Nakutaka wewe."

"Nimesikia kwamba unanitaka mimi."

"Ndiyo hivyo."

Wote walijua kinachofuata ni jibu.

"Mwanangu," sauti ya mama ikatoka nyuma, "usimwambie ataitwa."

Vicheko vikapasua ukumbi. Kidoti akapita katikati ya viti na viatu vyake vyeupe, kimoja bado kina ile alama iliyokataa kufutika, mpaka akafika mbele.

"Mimi simwambii mtu ataitwa tena. Nimekuja mwenyewe, na jibu ni ndiyo."

"Nimesikia unasema ndiyo," alisema Mrefu.

"Ndiyo hivyo," alisema Kidoti, na ukumbi mzima ukainuka kwa vigelegele.