Mto wa Samaki Ulionuka

Kila asubuhi Sindano alimeza kidonge chake, akanywa maji ya kutosha, kisha akaanza kunusa. Alinusa shuka, akanusa taulo, akanusa hata kikombe cha mdogo wake. Kilichonuka vibaya kilimtia kinyaa, na hakuona haya kusema.

"Pua yako kama ya bwana afya," mama yake, fundi cherehani, alizoea kumtania.

Wenzake walimpa jina la Sindano kwa wembamba wake, na kwa kuwa sindano ya kushonea haikumtoka mkononi. Alizaliwa na selimundu, ugonjwa wa damu usioambukiza, ambao humtia mtu maumivu makali ya mifupa, hasa akipigwa na baridi. Maumivu yalipokuja, mama alipasha moto mtama, akautia ndani ya soksi kuukuu ya baba na kumkanda nayo miguu. Joto lilisaidia. Soksi, la hasha!

"Mama, afadhali miguu iniume kuliko kunusa soksi ya baba!" alilia siku moja.

"Mimi nipo hapa hapa, nasikia," baba akasema.

Biashara ya Sindano ilianzia kwenye soksi hiyo. Sindano aliokota vipande vya vitambaa chini ya cherehani, akashona mito midogo yenye sura za samaki, paka na maboga. Aliijaza mtama na majani makavu ya mchaichai, ili ikipashwa moto inukie. Rafiki yake Domo, mtoto wa jirani, alikuwa mpiga debe.

"Kandeni migongo, kandeni viuno! Mto hauponyi, ila unaliwaza!"

Walimu wenye migongo mibovu walinunua. Kisha muuguzi wa wodi ya watoto akaagiza mito ya wodi nzima. "Wengi wana ugonjwa kama wako," alimwambia Sindano. "Utaniletea siku yako ya kliniki."

Wiki hiyo Sindano alinyeshewa na mvua, maumivu yakamlaza kitandani. Alipoinuka, siku ya kliniki ilikuwa imekaribia, na majani ya mchaichai yalikuwa bado yana majimaji. Alijua vizuri kwamba jani huanikwa mpaka likikunjwa livunjike.

"Si umwambie tu muuguzi kwamba uliumwa?" Domo aliuliza.

"Ili aseme mgonjwa hawezi kazi? Thubutu!"

Akayashindilia majani hivyo hivyo, akashona, akaifungia mito kwenye mfuko wa plastiki chini ya kitanda.

Siku ya kliniki Sindano na mama yake waliifikisha mito wodini. Muuguzi aliupasha moto mto wa samaki, akampa mtoto mmoja aliyekuwa amekumbatia goti lake kwa maumivu. Mtoto akaulaza shavuni huku akitabasamu. Mara akakunja uso, akatapika juu ya shuka.

Harufu ikajaa wodini, kama tambara la kudekia lililosahaulika kwenye ndoo pamoja na maziwa yaliyochacha. Muuguzi akaukata mto kwa mkasi. Ndani mtama ulishikamana kwa utelezi, majani yameota ukungu wa kijani wenye manyoya, na kijidudu cheupe kikajinyonganyonga kuelekea kidoleni mwake.

"Ptuu!" mama mmoja alitema. "Haya ndiyo mnayowaletea wagonjwa?"

"Ni muuza nafaka wa sokoni," Sindano alisema haraka. "Alituuzia mtama mbovu."

Mama yake hakungoja. Akaubeba mto, akamshika Sindano mkono, moja kwa moja hadi sokoni.

"Mzee! Umetuuzia uozo!" alifoka, na kumsogezea muuza nafaka mto puani.

Mzee akarudi nyuma. Mteja aliyekuwa keshajaza kikapu akaumwaga mtama wake tena kwenye gunia. "Mimi silishi wanangu takataka," akasema, akaondoka. Mwingine akamfuata.

"Mama, mimi ndiyo kazi yangu hii," mzee alisema, akichota mtama kwa mikono miwili. "Tazama. Nusa mwenyewe."

Sindano aliunusa mtama ule, ukanukia nafaka tu, kisha akaunusa mto wake. Uvundo ulikuwa kwake, si kwenye gunia.

"Mama, mwache," alisema. "Ni mimi. Niliweka majani mabichi."

Mama alimtazama kama anavyotazama nguo iliyoliwa na panya. "Ukungu nitanawa utoke," alisema. "Maneno uliyomsingizia mzee huyu, sijui nitayanawa kwa sabuni gani."

Akamwomba mzee radhi kwa sauti ile ile kubwa aliyomtukania, soko zima lisikie. Sindano naye akaomba, machozi yakimtiririka. Kisha wakarudi wodini, Sindano akamweleza muuguzi kila kitu.

"Nashinda na wagonjwa, mwanangu," muuguzi alisema. "Ulidhani nitakudharau kwa kuumwa? Ningengoja. Kuugua si kosa lako. Kosa ni kuficha, halafu ukamtupia mtu mwingine uchafu wako. Mwili ukikataa, sema. Kazi itasubiri."

Mito yote ilichomwa moto. Jua lilipotoka, mtama na majani vilianikwa upya. Siku ambazo Sindano aliumwa, Domo aliyageuza majani, na muuguzi alipelekewa habari kwamba mito itachelewa.

Hatimaye ilipofika, yule mtoto aliyetapika aliupokea wake kwa ncha za vidole. Akanusa huku, akanusa kule.

"Haunuki," alisema kwa mashaka. "Nani kahakikisha?"

"Mimi," Sindano akajibu. "Nimeinusa yote."

Mtoto akauweka gotini, akafumba macho.

"Hivyo hivyo," mama alisema wakitoka wodini. "Kazi yako uinuse wewe kabla mteja hajainusa. Na ukweli nao uutoe mapema, usiufungie tena kwenye plastiki chini ya kitanda."